Namba Niliyoivaa Shingoni

Garsen, alasiri, siku moja kabla ya safari yako

Habiba mwanangu,

Kabla hujaingia mstari wa pili, kumbuka unasoma barua ya nani. Hii ni barua ya Guyo, mtu wa kwanza Garsen nzima kuwa na kadi ya benki, mtu wa kwanza kuibiwa na mashine ya ukutani, na mtu pekee aliyemkamata mwizi wake kwa kumtazama machoni tu. Hadithi hiyo umeisikia kwenye kila arusi. Umeisikia nikiwa na chai na nikiwa sina chai. Juzi uliniambia, "Baba, mwizi wako kila arusi anazidi kurefuka," nikacheka mpaka nikakohoa.

Basi ni uongo. Kadi ilikuwa ya kweli. Mwizi hakuwako. Mtu nilimkamata, hilo nalo ni kweli, na ndilo lililonileta hapa nyuma ya zizi na daftari lako la zamani la hesabu, natafuna kalamu kama mbuzi, wakati wewe na mama yako mnabishana na sanduku lisilotaka kufunga.

Utauliza kwa nini sikuambii kwa mdomo. Mdomo wangu unaujua. Nikiufungua niseme jambo zito, unatoka mzaha, watu wanacheka, nami napata mlango wa kutokea. Karatasi haicheki. Mimi nilisoma mpaka darasa la nne, na hilo la nne sikulimaliza, kwa hiyo ukikuta herufi zimelala chali zisamehe. Habari za kula vizuri, kuvaa sweta na kutuma salamu, mama yako ameshazisema mara mbili mbili. Huko sina la kuongeza.

Ilikuwa mwaka ule wa mvua kubwa, lakini kabla mvua haijaja. Kumbuka ukame ulivyokuwa. Nikauza madume yangu mapema, kabla hayajawa mifupa, na pesa nikazipeleka benki Malindi. Wakati huo ndipo walipokuwa wametoboa ukuta wakaweka ile mashine, na meneja akaniambia sina haja tena ya kupanga foleni, mzee mheshimiwa kama mimi. Ukitaka kuniuzia kitu, niite mheshimiwa. Nikatoka na kadi, na kikaratasi chenye tarakimu nne.

Aliyepewa kazi ya kunionyesha namna ya kuitumia alikuwa karani kijana, mtu wa Kau, kule kwa wakulima wa mtoni tunaogombana nao kila siku, jina lake Komora. Mwembamba, shati jeupe limepigwa pasi mpaka ungeweza kukatia nyama. Akanisimamisha mbele ya mashine.

"Mzee Guyo, namba hii ni yako peke yako. Usimwambie mtu."

"Hata mke wangu?"

"Hata mkeo."

"Hata wewe?"

"Mimi ndiyo kabisa. Tazama, nageuka." Akanipa mgongo, akatazama barabarani.

Nikamtania. Nikamwambia, "Mtu wa Kau, tangu lini mkageuka msione mali ya mtu wa ng'ombe?"

"Tangu nianze kulipwa mshahara wa kugeuka, Mzee," akajibu, bila kugeuza shingo. Nikampenda palepale. Nilibonyeza tarakimu zangu nne, moja moja, na kijana yule muda wote alikuwa ananipa mgongo. Shika hilo. Usiliachie mpaka mwisho wa barua.

Sasa wewe umesoma kompyuta, na kesho kutwa unaingia kwenye ofisi ya serikali inayokagua mabenki, kwa hiyo utacheka. Cheka. Lakini kwanza simama pale malka, njia yetu ya kupitisha ng'ombe katikati ya mashamba mpaka mtoni, siku ambayo mifugo ya nyumba saba imeshuka kwa pamoja. Vumbi, kelele, pembe juu ya pembe. Ng'ombe wangu anarudije kwangu? Chapa. Chapa pajani na mkato wa sikio. Na chapa inalinda kwa kuonekana. Ikiwa kubwa, ikajulikana na kila mtu kuanzia hapa mpaka Nanighi, ng'ombe hata akipotea mwezi mzima atarudishwa na mtu nisiyemjua. Asiye na chapa ni wa yeyote. Na mwenye kuficha chapa yake sisi humwuliza kaiba wapi.

Kwa akili hiyo nikarudi nyumbani, nikatia msumari motoni, nikazichoma zile tarakimu nne juu ya mfuko wa ngozi uliobeba kadi. Kubwa, zisomeke kutoka ng'ambo ya barabara. Nikauning'iniza shingoni. Halafu nikaenda mkahawani, nikasimama: "Oneni wote! Hii ni ya Guyo. Mkimsikia mtu mwingine anaitaja, mfungeni kamba." Wazee wakaitikia kwa vichwa. Mmoja akausifu mwandiko.

Mama yako akaniuliza, "Si umeambiwa usiseme?"

"Wameniambia hivyo," nikamjibu, "kwa sababu hawajawahi kuchunga."

Namba yenyewe sitaiandika hapa. Nimejifunza kidogo.

Majani yakaisha. Nikahama na ng'ombe, nikapanda nao mpaka pande za Nanighi, na mfuko nikauacha sandukuni kwa sababu ngozi ilikuwa inanikwaruza shingo. Nilikaa huko miezi miwili. Sikujua kwamba katika miezi hiyo ulirudishwa kutoka shule umebebwa na homa. Wewe mwenyewe hukumbuki sana, maana mama yako anasema ulikuwa unazungumza na kuku. Niliporudi, ulikuwa umeshapona na umerudi shule. Nilifika asubuhi, mama yako amekwenda kuteka maji, na lori la ng'ombe la kwenda Malindi linaunguruma barabarani. Sikungoja hata kikombe. Nikavuta sanduku, nikavaa mfuko wangu, nikapanda lori.

Mashine ikanitolea kikaratasi. Pesa zilikuwa pungufu. Kiasi sitakitaja, ni sawa na kuamka ukakuta zizi limebaki nusu.

Nikapiga kelele, Habiba. Unajua sauti yangu ninapoita ng'ombe? Ile. Meneja akatoka mbio, akaniingiza ofisini, akafunga mlango ili wateja wengine wasisikie. Akatazama kompyuta yake kwa muda, kisha akasema kwa upole, "Mzee, mashine haikosei. Kadi ni yako, na namba iliyobonyezwa ni yenyewe. Basi ni mtu aliyeiona namba yako. Nani ameiona?"

Nilikuwa nimeketi mbele yake na mfuko umening'inia kifuani. Tarakimu nne, kubwa kama vidole. Meneja hakuzitazama. Mimi sikuzikumbuka. Nikanyoosha mkono kupitia kioo cha ofisi, nikamwonyesha kijana mwenye shati jeupe. "Yule alisimama nami pale kwenye mashine."

Wakamwita. Komora akaingia, akanisalimu vizuri. Alipoelezwa, kwanza alinitazama kifuani, kwenye ngozi. Kisha akanitazama usoni, akasema kwa sauti ya chini, "Mzee, tafadhali. Uliza nyumbani kwanza."

Angenitukana ningemvumilia. Lakini kuambiwa kaulize nyumbani! Nikasimama. Nikasema, "Mtu wa mto ananituma kwa wanawake wangu!" Na nikaongeza neno juu ya watu wake, la yale tunayoyasema tukiwa peke yetu na wao huyasema yao wakiwa peke yao. Silirudii. Wakati mwingine ugomvi wetu na wao ukiwaka, nikaona moshi umetokea kwenye manyata au kwenye mashamba, huwa nalikumbuka lile neno, nikajua nami niliwahi kubeba kuni.

Meneja akamwuliza, "Unajua kitu, Komora?"

Akatazama sakafu. "Sijui kitu, bwana."

"Basi ngoja nje."

Akatoka. Mimi nikapewa chai yenye maziwa mengi, na meneja akanipa kalenda ya benki yenye picha ya simba. Ile kalenda, Habiba. Ile uliyoipigia alama za siku zako za mtihani, ukaniomba nisiitoe ukutani hata mwaka ulipokwisha. Sasa unajua ilitoka wapi.

Nilifika nyumbani jioni, nimejaa ushindi kama gunia. Mama yako alikuwa anakoroga uji.

"Umetoka Malindi? Hata hujaketi?"

"Nimemkamata mwizi."

"Mwizi wa nini?"

Nikamweleza. Hakuacha kukoroga. Nilipomaliza akaondoa sufuria motoni, akafuta mikono.

"Pesa nimetoa mimi," akasema. "Mtoto alikuwa hospitali Malindi, wewe uko Nanighi, hakuna wa kumtuma. Wakataka malipo kabla ya dawa. Namba si umeichoma kwenye ngozi? Nikaenda. Mashine ikanitemea kadi mara mbili. Kuna kijana wa Kau pale, mwembamba, akaniona nalia. Akaniambia benki hairuhusu mtu kutumia kadi ya mwingine, wakijua kwamba ameniona na amenyamaza, kazi yake imekwisha. Kisha akaniuliza mtoto ana umri gani. Akanionyesha pa kubonyeza, akageuka akatazama barabarani. Nikamwapia kwamba nje ya nyumba hii sitasema. Ndani ya nyumba nilikuwa nakungoja wewe."

Nikaketi chini. Uji ukapoa.

Angeweza kusema, Habiba. Pale ofisini, mbele ya meneja, angesema tu, "Mkewe alikuja," nami ningetoka nimeinama. Lakini angelikuwa amemfichua mama yako mbele ya wanaume, na kujifichua yeye mwenyewe. Alichoweza kusema bila kuvunja neno lake ni kile alichokisema. Uliza nyumbani kwanza. Mimi, mwenye namba, nilishindwa kuficha tarakimu nne. Yeye alificha nyumba yangu nzima.

Ungefikiri kesho yake asubuhi nilirudi Malindi. Nilisema kesho. Kesho ng'ombe aliyevimba tumbo. Keshokutwa mgeni. Nikawa natengeneza maneno kichwani, niseme hivi, nisiseme vile, na kila nikiyatengeneza nilikuwa najiweka mahali pazuri zaidi. Kisha mvua ikaanza, na mvua ile unaijua. Mto ukatoka kitandani mwake, barabara ikawa bahari, Garsen ikawa kisiwa. Watu walikuwa wanalia mashamba yamekwenda na mifugo imekwenda, nami nalia pamoja nao. Lakini ndani, mahali asipofika mtu, nilikuwa nashukuru. Nashukuru kwamba barabara haipitiki. Hilo ndilo jambo baya kuliko yote nitakayokuandikia leo, na nimelizunguka tangu asubuhi kama fisi anavyozunguka zizi.

Barabara ilipofunguka nilikwenda. Nisikunyime haki hiyo ya kujua: nilikwenda. Nikamkuta binti mgeni kwenye dirisha, Komora hayupo. Nikamwambia nina habari juu ya pesa zangu zilizopotea. Akanipa fomu. Nikaisoma kwa kidole. Kuna mahali pa kuandika umepoteza nini, lini, unamshuku nani. Mahali pa kuandika "nimezipata, na yule mtu hakufanya kitu" hapakuwapo.

Nikamwuliza, "Mimi niandike wapi?"

Akatafuta jina langu kwenye kompyuta. "Mzee, kesi yako ilishafungwa."

"Imefungwaje?"

"Mfanyakazi aliachishwa."

Alisema hivyo kama anayenipa zawadi. Ningeweza kupiga kelele, Habiba. Sauti ninayo, siku ile ya kwanza niliitumia. Nikasema, "Basi, ahsante, mama," nikatoka. Na nilipofika barabarani nilijisikia mwepesi. Imefungwa! Serikali ya mashine imefunga, mimi nani nifungue? Arusi iliyofuata ndipo nilipoisimulia hadithi ya mwizi kwa mara ya kwanza. Watu walicheka sana. Uongo ukichekewa huwa unakaa kama ukweli, unapata hata kiti chake.

Ulipokuja likizo ulinishika mkono ukanishukuru kwa kuacha pesa za hospitali. Mama yako ndiye aliyekuambia hivyo, kunihifadhi. Nikakujibu, "Mzazi ni mzazi." Mama yako akainua macho kutoka kwenye sufuria, akanitazama, akayarudisha. Tangu siku ile hajanisuta hata mara moja. Nikianza hadithi yangu mbele za watu, yeye husogeza vyombo kwa kelele.

Komora nimemwona mara moja. Radio yangu ilinyamaza, nikaambiwa kuna fundi Tarasaa anazifufua. Nikaenda, nikainama nikaingia kwenye kile kibanda cha mabati, na fundi akainua kichwa. Shati lilikuwa na mafuta. Shingo ilikuwa ileile.

"Karibu, Mzee Guyo," akasema. "Namba yako bado iko shingoni?"

Alitabasamu, alikuwa ananirudishia utani wetu wa zamani, lakini mkono wangu ulikwenda kifuani wenyewe kama niliyechomwa.

Akafungua radio. "Nzima kabisa. Umeweka betri kichwa chini." Akazigeuza, mtu wa habari akaanza kusema. Kisha akaniuliza, bila kuniangalia, "Mtoto alipona?"

"Alipona. Anasoma kompyuta sasa."

"Kompyuta!" Macho yake yakawaka, Habiba, ungeyaona. "Nilizipenda sana. Niliomba kazi benki nyingine mbili. Wanataka barua kutoka kule nilikotoka, na kule hawanipi." Akafunga vifungo vya radio. "Mwambie asome sana."

Nikatoa pesa, akakataa. "Betri si ugonjwa, Mzee." Badala ya kumwomba radhi nikasema mzaha fulani kuhusu watu wa Kau na samaki, akacheka kwa adabu, nikaondoka. Hakunidai kitu. Salamu zake sikukufikishia, maana ningekufikishiaje bila kukwambia ni nani. Mwambie asome sana. Sasa nimekufikishia.

Tangu hapo nimepita Tarasaa mara tatu nikienda Malindi. Mara zote tatu, basi lilipopunguza mwendo nilifumba macho nikajifanya nimelala. Mara moja nilikoroma kabisa, nikamwudhi abiria mwenzangu.

Kesho unakwenda kukaa na watu watakaotunga kanuni za mashine hizi. Najua wasiwasi wenu wa sasa ni mwaka elfu mbili, kwamba kompyuta zitazinduka hazijui ni lini. Sina elimu ya hilo. Ninachojua ni kile chumba cha meneja. Mashine ilisema kweli: kadi ilikuwa yangu na namba ilikuwa yenyewe. Meneja alisema kweli. Mimi nilikuwa na hakika. Na katikati ya hakika zote hizo mtu alipoteza kazi yake, na ngozi yenye ushahidi ilikuwa kifuani pangu, kati yangu na meneja hakuna aliyepindisha shingo kuisoma. Kwa hiyo ukitumwa kukagua benki, wakakuletea vitabu vyao safi na kukuambia kesi zote zimefungwa, waulize kila kesi imemfungia nani ndani. Na fomu zenu ziwe na mahali pa mpumbavu kurudi. Padogo tu. Nisingepatumia siku ile, pengine. Lakini nisingelikuwa na kisingizio.

Nisikilize hapa: Komora usimsaidie kwa ofisi yako. Usipige simu, usitaje jina. Nikikuachia wewe hilo, nitakuwa nimenyoosha kidole kwa mara ya pili, safari hii kwako. Barua ya benki nitaiandika mimi, na mfuko nitaupeleka mimi, niuweke juu ya meza ya meneja mpaka ausome. Bado sijaiandika, na si kwa uvivu. Kuna la mama yako humo ndani, na kuna la Komora kugeuka, na hiyo ni siri yake. Lazima nimwulize kwanza niseme lipi na ninyamaze lipi. Ona, nimefika umri huu ndipo ninapojifunza kuuliza kwanza.

Mama yako nimemwambia kesho nakusindikiza mpaka Malindi. Nimemdanganya, ingawa nadhani amejua, kwa sababu amenitolea kanzu yangu safi na mfuko ule wa ngozi ameuweka juu yake. Nitashukia Tarasaa.

Barua hii nitaitia ndani ya kiatu chako cha kushoto, utaiona ukijaribu viatu baada ya magharibi. Ukiisoma ukanichukia kidogo, ni haki yako, chukia tu. Ila asubuhi ukae kiti cha pembeni yangu.

Unakumbuka siku yako ya kwanza shuleni? Uliushika mlango wa darasa kwa mikono miwili, mwalimu anavuta, wewe unalia, watoto wanacheka. Nikakusukuma mgongoni, ukaingia kama ndama. Ukageuka na kamasi zako ukaniambia, "Baba, nitakulipa!"

Miaka kumi na tatu sijakukumbusha. Kesho basi litakapopunguza mwendo pale Tarasaa, ukiona nimefumba macho, sijalala. Nisukume.

Baba yako,
Guyo